Ngao ya Jamii 2023: Simba walibeba ndoo bila kufunga goli, siku 84 baadae wakapigwa mkono

Kila Agosti ikikaribia hii mechi ya Tanga inarudi midomoni mwa watu, na kila upande unaisimulia kivyake. Mtu wa Simba atakwambia tuliwafunga Mkwakwani, mkaondoka vichwa chini. Mtu wa Yanga hata hakubishii, anakuonyesha vidole vitano basi, yameisha. Mi nataka tuikalishe chini hii kesi tuiangalie vizuri, maana naona pande zote mbili zinasema kweli na zote mbili zimeruka kitu, na hicho walichokiruka ndo kitamu chenyewe.

Kisa kwa kifupi ni hiki. Tarehe 13 Agosti 2023, uwanja wa Mkwakwani Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii, Simba na Yanga. Dakika 90 zikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, Simba wakashinda 3-1, Ally Salim akaokoa penalti tatu. Tarehe 5 Novemba mwaka huo huo, mechi ya ligi kwa Mkapa, Dar, Yanga 5 Simba 1. Siku mbili baadae kocha aliyebeba ile Ngao, Mbrazili Roberto Oliveira au Robertinho kama tulivyomzoea, hana kazi. Kutoka kunyanyua kikombe mbele ya mtani mpaka kufungashwa virago kwa sababu ya mtani yule yule ni siku 84 na mbili za kuongezea. Ilikuwaje?

Kabla hatujaingia uwanjani tuanze na swali ambalo watu wengi hawajiulizi, hii fainali ilitoka wapi? Ngao ya Jamii si ni mechi moja tu ya kufungua pazia, bingwa wa ligi na bingwa wa kombe la FA, wanacheza, mtu anachukua chake, ligi inaanza? Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Ila hesabu mwenyewe. 2017 bingwa wa ligi Yanga, bingwa wa FA Simba, wakakutana, Simba wakashinda kwa matuta 5-4 baada ya 0-0, safi kabisa. 2018 Simba bingwa wa ligi, Mtibwa Sugar bingwa wa FA, mechi ikapigwa Kirumba Mwanza, Simba 2-1. 2019 Simba na Azam, Simba 4-2. Hapo kila kitu kiko sawa, mabingwa wawili tofauti.

Baada ya hapo ikawa shida. 2020 Simba wakabeba vyote viwili, ligi na FA. 2021 Simba tena vyote. 2022 Yanga vyote. 2023 Yanga vyote. Sasa bingwa wa ligi na bingwa wa kombe ni mtu mmoja, utamchezesha na nani, na kivuli chake? 2020 wakamchukua aliyefungwa fainali ya FA, Namungo, wakapigwa 2-0 kule Arusha. 2021 na 2022 ikawa Simba na Yanga kwa sababu mmoja kachukua vyote na mwingine ndo wa pili kwenye ligi. Yaani jina likabaki lile lile la mechi ya mabingwa ila ukweli ilishakuwa mechi ya bingwa na aliyeshindwa ubingwa.

2023 ikaja staili mpya, timu nne, nusu fainali na fainali, zote Tanga. Nne za juu kwenye ligi: Yanga, Simba, Azam, na Singida Fountain Gate ambao msimu uliotangulia tuliwajua kama Singida Big Stars. Kuna watu walilalamika kwamba mmegeuza Ngao kuwa bonanza, na siwalaumu, ila tukubaliane kwamba mechi ya bingwa na bingwa ilishakufa yenyewe kabla, walioandaa walikuwa wanatafuta tu namna ya kuizika kwa heshima.

Huu mfumo mpya mtu anaweza kuona ni habari za ratiba tu, lakini mi naona ndo mlango wa kesi nzima. Mechi moja ikiisha 0-0 ukashinda kwa matuta unasema bahati. Mashindano ya mechi mbili yanakupa picha kubwa kidogo, na picha yenyewe ni hii hapa.

Tarehe 9 Agosti Yanga wakacheza na Azam, wakashinda 2-0, Aziz Ki na Clement Mzize, zote zimekuja jioni jioni mechi inaelekea kuisha. Tarehe 10 Simba na Singida, 0-0, matuta, Simba 4-2. Tarehe 13 fainali, 0-0, matuta, Simba 3-1. Rudia kusoma hapo. Simba wamecheza dakika 180 Tanga na hawajafunga goli hata moja. Moja! Ndoo wameibeba. Yanga nao wamecheza dakika 180, wamefunga mawili, hawajafungwa hata moja kwenye mchezo wa kawaida, wamerudi Dar mikono mitupu. Sijui kama kuna namna ya ajabu zaidi ya kushinda kombe, unachukua kikombe straika wako hajatikisa nyavu isipokuwa kwenye matuta.

Sasa mtu wa Simba hapo anakasirika, anasema kombe ni kombe. Sawa kaka, kombe ni kombe, liko kabatini na hakuna atakayekuja kulitoa. Ila hatubishani nani ana haki ya kikombe. Swali ni kile kikombe kilikuwa kinasema nini kuhusu timu, na ndani ya klabu walikisomaje.

Tuanze na mwenye kesi yake nzuri kuliko wote, Ally Salim. Huyu kijana hakuwa kipa namba moja. Aishi Manula alikuwa majeruhi. Beno Kakolanya alishaondoka kwenda Singida. Ally alikuwa ametupwa kwenye maji ya kina kirefu tangu Aprili, na Aprili hiyo hiyo tarehe 16 akakaa golini kwenye dabi, Simba wakamfunga Yanga 2-0, Henock Inonga na Kibu Denis, akatoka bila kuguswa. Baada ya hapo akacheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Wydad, wakashinda 1-0 nyumbani, wakafungwa 1-0 Casablanca, wakatolewa kwa matuta. Kwa hiyo yule dogo aliyesimama Mkwakwani tarehe 13 hakuwa mgeni wa presha kama watu walivyopenda kusimulia, alishaonja matuta Morocco na yakamuuma, na siku tatu kabla alishapigiwa mengine na Singida.

Penalti tatu kuokoa kwenye fainali ya dabi sio mchezo. Waliokosa sitawataja, tuwaache wapumzike, ila jua kwamba katika wapigaji wa Yanga ni mmoja tu aliyepata. Kibanda umiza kizima kilisimama, hata wale waliokuja na jezi ya kijani ya Yanga walikuwa wameshika kichwa wanacheka kwa uchungu. Na hapa naomba nitofautishe vitu viwili ambavyo mashabiki wanavichanganya sana. Kuokoa penalti ni kazi ya kipa, ni ujuzi, hiyo sifa ni ya Ally na mwalimu wake wa makipa. Kufika kwenye penalti huku hujafunga kwa mechi mbili ni habari ya timu nzima. Ile ya kwanza ikaifunika ya pili. Mtu akiwa shujaa kiasi kile hakuna anayegeuka kuuliza kwani wale washambuliaji wetu walikuwa wapi.

Na walikuwepo bana. Simba hii haikuwa ya kuokoteza. Walienda kambi Uturuki, wakasajili kwelikweli, Fabrice Ngoma katikati, Willy Onana kutoka Rayon Sports, Che Malone Fondoh beki wa kati kutoka Coton Sport, Aubin Kramo kutoka ASEC, Luis Miquissone kurudi nyumbani. Saido Ntibazonkiza alimaliza msimu uliopita kinara wa magoli kwenye ligi akiwa na 17 sawa na Fiston Mayele, straika wa Yanga. Jean Baleke yupo, Moses Phiri yupo. Simba Day, ile siku ya klabu kutambulisha kikosi, tarehe 6 Agosti wakamfunga Power Dynamos wa Zambia 2-0, Onana na Ngoma, watu wakarudi nyumbani wanaimba. Halafu siku nne mbele unaenda Tanga na hiyo silaha yote unatoka kapa na Singida, unatoka kapa na Yanga.

Mi maoni yangu, Robertinho alikuwa kocha anayependa kwanza asifungwe. Sio dhambi. Ukiangalia dabi zake mbili za mwanzo, ile ya Aprili 2-0 na hii ya Agosti 0-0, Yanga hawajamfunga hata goli moja ndani ya dakika 180. Kwa mtu wa Simba aliyetoka kuteswa na Mayele miaka miwili, hiyo ilikuwa dawa. Ndo maana baada ya Tanga jamaa alionekana mganga, kwamba huyu sasa amejua dawa ya Yanga. Hilo neno "amejua dawa" mi nadhani ndo kosa lenyewe lilipoanzia.

Kwa sababu gani? Kwa sababu Yanga aliyekutana naye Aprili na Yanga aliyekutana naye Agosti walikuwa watu wawili tofauti, na hata yule wa Agosti alikuwa bado hajamaliza kuzaliwa.

Twende upande wa pili. Yanga wanaingia msimu huo wakiwa wametoka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wamefungwa nyumbani 2-1 na USM Alger, wameshinda kule Algiers 1-0, wamekosa kombe kwa goli la ugenini. Wana ligi, wana FA waliyobeba tarehe 12 Juni hapo hapo Mkwakwani kwa kumfunga Azam 1-0, goli la Musonda. Kisha wakatobolewa. Kocha Nasreddine Nabi kaondoka. Feisal kaenda Azam. Bangala kaenda Azam. Na Fiston Mayele kaenda Pyramids ya Misri.

Hilo la mwisho kalitazame kwa jicho la Ngao. 2021 Yanga 1 Simba 0, mfungaji Mayele. 2022 Simba wakatangulia na Pape Sakho, Yanga wakageuza 2-1, wafungaji Mayele na Mayele. Kwa hiyo magoli yote matatu ambayo Yanga waliwafunga Simba kwenye Ngao mbili mfululizo yametoka kwenye mguu, au niseme mwili, wa mtu mmoja. Huyo mtu 2023 hayupo. Na Yanga dhidi ya Simba wakapata nini? Sifuri. Huhitaji kuwa mchambuzi wa redio kuona hapo kuna shimo.

Kocha mpya Miguel Gamondi, Muajentina, yuko na wiki chache tu kambini Avic Kigamboni. Amepewa Pacome Zouzoua na Yao Kouassi kutoka ASEC, Maxi Nzengeli kutoka Maniema ya Congo, Hafiz Konkoni kutoka Ghana ndo straika wa kuziba pengo la Mayele, na Skudu kutoka Afrika Kusini. Watu wote wanauliza swali moja, nani atafunga? Tarehe 13 Agosti jibu likaonekana kuwa hakuna. Na hapo ndo wengi tukafunga daftari, mi mwenyewe nikiwemo, nikasema hawa bila Mayele watasumbuka sana.

Kumbe lile swali lilikuwa limekosewa. Wote tulikuwa tunamtafuta Mayele mpya wakati Gamondi hakuwa anatafuta Mayele, alikuwa anatengeneza timu ambayo magoli yanatoka kila mahali, kiungo anafunga, winga anafunga, beki anapanda. Siku kumi baada ya Tanga, tarehe 23 Agosti, Yanga 5 KMC 0. Tarehe 29, Yanga 5 JKT Tanzania 0. Mtu aliyeshindwa kufunga Mkwakwani anapiga kumi ndani ya wiki moja, hapo kulikuwa na kengele inalia. Ila nani alikuwa anaisikia, tuliona wanawaonea wadogo tu.

Sasa hapa nataka nitende haki, maana ni rahisi sana kukaa leo na kusema mambo yalikuwa wazi. Hayakuwa wazi hata kidogo. Simba baada ya Ngao walianza ligi kwa moto. Mtibwa 4-2 kule Manungu, Dodoma Jiji 2-0, Coastal 3-0, na mpaka wanafika kwenye dabi ya Novemba walikuwa hawajapoteza mechi ya ligi. Yanga walishapoteza moja, Ihefu waliwafunga 2-1 mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo mtu wa Simba aliyeamka asubuhi ya tarehe 5 Novemba alikuwa na Ngao kabatini, hajafungwa kwenye ligi, mtani ameshajikwaa. Ungemwambia leo unapigwa tano angekuita mchawi.

Ila ukitoka kwenye ligi kidogo ukaenda kwenye mechi za Afrika unaanza kuona kitu. Power Dynamos, wale wale wa Simba Day, wamekutana nao kwenye Ligi ya Mabingwa, 2-2 kule Ndola, 1-1 Dar, Simba wakapita kwa goli la ugenini. Wakapita bila kushinda. Oktoba ikaja African Football League, Al Ahly wakaja kwa Mkapa 2-2, Cairo 1-1, wakatoka kwa goli la ugenini, na pale tuliwapongeza kwa haki maana Al Ahly sio wa kuchezea. Lakini weka hizi zote mezani, Singida 0-0, Yanga 0-0, Power Dynamos sare mbili, Al Ahly sare mbili. Kila Simba wanapokutana na mtu anayelingana nao au anayewakaribia, hawashindi ndani ya dakika 90. Mara sita mfululizo kwenye mechi za mtoano. Baadhi wamepita, moja wametoka, ila kumshinda mtu hakuna.

Huo ndo ujumbe uliokuwa umeandikwa kwenye ile Ngao na haukusomwa. Timu ilikuwa haifungiki kirahisi na ilikuwa na roho ngumu, hivyo ni vitu vizuri, lakini haikuwa na namna ya kumshinda mkubwa mwenzake. Kwa matuta na goli la ugenini unaweza kupita pita kwa muda. Siku ukikutana na mtu aliyefunga mapema, na mechi ya ligi haina matuta, unafanyaje?

Tarehe 5 Novemba Musonda kafunga mapema tu, watu wengine hata hawajakaa. Kibu Denis akasawazisha muda mfupi baadae na mpaka mapumziko ni 1-1. Kipindi cha pili ndo mafuriko. Maxi. Aziz Ki. Maxi tena. Pacome kwa penalti. Tazama hayo majina, wafungaji wanne tofauti, wawili kati yao wamesajiliwa dirisha lile lile la kabla ya Tanga, na ukimtoa Musonda hakuna straika pale. Lile shimo la Mayele tuliloliona Mkwakwani lilijazwa na watu wanne badala ya mmoja. Msimu ulipoisha kinara wa magoli wa ligi nzima alikuwa Aziz Ki na magoli 21, kiungo.

Kuna mjadala wa kipa nao, nisiuruke maana utaniandama. Golini siku ile alikuwa Manula, ndo anarudi kutoka kwenye majeraha. Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba shujaa wa Tanga ndo alitakiwa kukaa pale, dogo hajawahi kufungwa na Yanga goli la mchezo, aliwafunga mdomo Aprili, akawafunga mdomo Agosti, mnamtoaje? Nawaelewa kihisia. Kimpira siwaungi mkono sana. Magoli matano hayaji kwa sababu ya kipa. Yanga walikuwa wanapita katikati ya uwanja kama wanaenda sokoni, mabeki wanabaki wawili kwa wawili, hapo hata ungeweka makipa wawili. Kosa la kumwanzisha mtu aliyetoka majeruhi kwenye dabi linaweza kuwa kosa, ila ni la kwenye moja ya hayo magoli, halielezi matano. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ule mjadala wa kipa ukafanya kitu kile kile ambacho penalti za Tanga zilifanya, Agosti tulimtazama kipa tukaacha timu, Novemba tukamtazama kipa tukaacha timu.

Robertinho akaondoka tarehe 7. Mwishoni mwa mwezi akaja Abdelhak Benchikha, Mualgeria, na hakumaliza msimu. Simba wakamaliza ligi nafasi ya tatu, pointi 69 sawa na Azam, wakazidiwa kwa tofauti ya magoli, yaani ule ugonjwa wa magoli ukaja kuwadai mpaka kwenye hesabu ya mwisho, tiketi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda Chamazi kwa Azam. Yanga wakachukua ligi na pointi 80, wakachukua na FA Zanzibar mbele ya Azam, 0-0 halafu matuta 6-5. Safari hii matuta yakawapenda wao. Afrika wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Mamelodi Sundowns, na we unadhani kwa nini, kwa matuta.

Sasa tuulizane, Robertinho alionewa? Nimelifikiria sana hili. Ukimhukumu kwa karatasi, ligi alikuwa amepoteza mechi moja tu ya msimu, kombe kabeba, Afrika kaingia makundi. Klabu nyingi duniani zingempa muda. Ila pale Msimbazi kwa Simba, na Jangwani kwa Yanga vile vile tusijifanye, kocha anahukumiwa kwa mtani. Ile Ngao ilimpa heshima kwa kipimo cha mtani, kwa hiyo alipopigwa tano na mtani hakuwa na kipimo kingine cha kujitetea nacho. Aliishi kwa dabi na dabi ikamla. Mwaka mmoja kabla yake Zoran Maki alipoteza Ngao mbele ya Yanga 2-1 Agosti, Septemba hayupo. Kwa hiyo ukipoteza Ngao unaondoka haraka, ukishinda unaondoka polepole kidogo.

Na uongozi wa Simba je? Hapa ndo ningekuwa mkali zaidi. Wenye timu wana uwezo wa kukaa baada ya sherehe, wakafunga mlango wakaulizana, jamani, tumecheza mechi mbili Tanga hatujafunga, tatizo ni nini, tunamhitaji mtu wa aina gani. Dirisha la usajili Agosti lilikuwa bado halijafungwa. Mtu wa maana aliyeongezwa mwezi huo ni kipa, Ayoub Lakred wa Morocco. Kipa! Idara pekee iliyokuwa imefanya kazi yake Tanga ndo ikaongezewa nguvu. Najua sababu ilikuwepo, Manula mgonjwa na mwenyewe Lakred alikuja kuwa kipa mzuri sana, ila we ukiangalia tu kwa juu juu inachekesha.

Nikirudi kwenye ule mfumo wa timu nne, 2024 waliurudia. Yanga tena walikuwa na vyote viwili, ligi na FA, kwa hiyo bingwa wa kombe wa kumkutanisha na bingwa wa ligi hakuwepo kwa mwaka wa tano. 2025 wakarudi kwenye mechi moja, Yanga na Simba tarehe 16 Septemba, Yanga 1-0 kwa goli la Pacome, na mwaka huo nao Yanga walikuwa wamebeba vyote. Mara ya mwisho mechi hii kuwa na bingwa wa ligi upande mmoja na bingwa wa kombe upande mwingine ni Simba na Azam 2019. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule amemaliza bila kuiona.

Kuhusu marudiano ya kisa chenyewe, hayakuchelewa. Tarehe 8 Agosti 2024 watani wamepangwa tena kwenye Ngao, safari hii nusu fainali, kwa Mkapa. Simba wana kocha mpya, Fadlu Davids, na kipa mpya, Moussa Camara kutoka Guinea. Ally Salim yuko benchi. Watu wa Simba kabla ya mechi walikuwa wanasema mpaka matuta tu, tufike kwenye matuta mtaona. Hawakufika. Yanga 1-0, na mfungaji ni Maxi Nzengeli, yule yule wa magoli mawili ya Novemba.